Tenki tupu si tupu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mafuta yanayobaki kwenye tela baada ya kushusha

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye yadi ya malori ya mafuta Dar es Salaam, kwanza upande wa mabomba, baadaye upande wa makaratasi. Maswali haya nimeyajibu kwa simu, mengine saa nane za usiku, mpaka nikaona bora yakae sehemu moja. Mengi yanahusu petroli na dizeli zinazotoka kwenye maghala ya Kurasini na Kigamboni kwenda mikoani na nchi jirani. Mizigo mingine iko mwishoni. Kwa mifano natumia tela la lita 36,000 lenye vyumba vya takribani lita 7,000 kila kimoja.

## Mambo ya msingi

1. Valvu imefunguliwa mpaka mafuta yamekatika. Kwa nini bado yanabaki?

Kukatika ni kile unachokiona kwenye mpira. Ndani ya tela mafuta yana sehemu tatu za kujificha.

Kwanza ni sakafu ya chumba. Tela likisimama limeinama, mafuta hukimbilia upande wa chini, na kama tundu la kutolea liko upande wa pili, yanabaki yamelala. Chukua sakafu yenye urefu wa mita 2: gari likiinama nyuzi 2 tu, mteremko ambao ukisimama nje huuoni, ncha moja iko juu ya nyingine kwa sentimita 7.

Pili ni bomba linalotoka kwenye futi valvu, chini ya tenki, hadi kwenye valvu ya pembeni unakofunga mpira. Bomba la inchi 4 hubeba karibu lita 8 kwa kila mita. Chumba ambacho bomba lake lina mita 5 kinaweza kuacha lita 40 humo, hasa kama dereva amefunga valvu ya pembeni mapema na kuondoka. Mpira wenyewe ni hivyo hivyo: usipouinua kuanzia upande wa gari kuelekea shimoni (tenki la ardhini la kituo), unaurudisha kwenye kikapu chake ukiwa na ndoo mbili za mtu mwingine.

Tatu ni ule utando unaoganda ukutani. Kwa petroli ni kidogo mno, kwa dizeli ni lita chache, kwa mafuta yanayoganda kama mawese ni habari nyingine kabisa (swali la 14).

Kuna sababu ya nne ambayo watu huisahau: venti, tundu la hewa la juu ya tenki, iliyoziba. Hewa isipoingia juu, mafuta hayashuki chini. Yanakatika kabisa kama chupa iliyogeuzwa, na chumba kina mamia ya lita. Nimeona kituo kikimwita polisi dereva ambaye kosa lake lilikuwa tope la nyigu kwenye venti.

2. Kiasi gani ni cha kawaida?

Gari likisimama tambarare, venti zikiwa safi, valvu zote zikiachwa wazi dakika kumi baada ya mafuta kukatika, tarajia lita chache kwa kila chumba. Kipimo changu binafsi ni ndoo moja. Chumba kikitoa zaidi ya ndoo ya lita 20 baada ya watu kusema kimekauka, nauliza maswali. Kikifanya hivyo safari mbili mfululizo, tela linakwenda kukaguliwa. Huenda sakafu imebonyea, futi valvu haifunguki yote, au mtu ametengeneza kifuko ndani. Vifuko hivyo vipo, na ndiyo moja ya sababu za Wakala wa Vipimo kupima matela kule Misugusugu, Kibaha, na kuyapa chati za ujazo.

3. Nimepakia lita 36,000, nimeshusha Mbeya, vyumba vikavu, kituo kinasema shoti (upungufu) ni lita 350. Zimebaki wapi?

Yawezekana hazijabaki popote. Mafuta hunywea yakipoa. Dizeli hupungua takribani 0.00083 ya ujazo wake kwa kila nyuzi moja ya joto, petroli takribani 0.0012. Ukipakia dizeli Dar ikiwa na nyuzi 32 na ukaishusha Mbeya asubuhi ya Julai ikiwa na nyuzi 20, hesabu ni 36,000 mara 12 mara 0.00083, yaani karibu lita 359. Kwa petroli ingekuwa karibu lita 518. Uzito ni ule ule, hakuna aliyekunywa kitu.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mabaki au mwizi, pima joto wakati wa kupakia na wakati wa kushusha, kisha geuza lita zote kwenda kwenye joto la kipimo, nyuzi 20. Dereva asiyeandikiwa joto kwenye hati ya kupakia anabeba deni ambalo hajakopa. Omba liandikwe hata kama karani wa ghala anakunja uso.

4. Nitajuaje kweli kwamba chumba kimekauka?

Dipu, fimbo ya kupimia kina, haitakusaidia, kwa sababu hugusa sehemu moja tu ya sakafu, na mafuta yenye kina cha nusu sentimita yataonekana kama unyevu. Kinachosema kweli ni macho kupitia manholi (mdomo wa juu wa chumba), kwa tochi iliyotengenezwa kwa ajili ya sehemu zenye mvuke, na ndoo. Tochi ya simu iache mfukoni, tena zima na simu yenyewe.

Nilifundishwa hili Nyanda za Juu Kusini, kwenye kituo cha mzee mmoja mkimya. Nilikuwa nimefuatana na dereva wetu. Dereva akashuka kutoka juu ya tela, akasema, "Shikamoo mzee, kavu hiyo." Mzee akajibu, "Marahaba. Kavu ya macho au kavu ya ndoo?" Akaomba gari lisogezwe mbele nusu mzunguko wa tairi, magurudumu ya nyuma yatoke kwenye kibonde. Tukasubiri. Valvu ikafunguliwa, mafuta yakatoka unene wa kidole, yakawa uzi, yakawa matone. Ndoo ya kwanza ilijaa, ya pili ikafika zaidi ya nusu. Tulipopima kwa kopo la vipimo: lita 31. Mzee hakusema neno, akaandika kwenye karatasi ya kupokelea na kumpa dereva asaini. Yule dereva alikuwa mwaminifu, nadhani ndiyo maana aliona haya zaidi.

Ndoo iwe ya chuma na iunganishwe kwa waya na gari kabla hujafungua. Ndoo ya plastiki hukusanya umeme ambao hauna pa kwenda, na petroli ikidondokea humo cheche moja inatosha.

## Mabaki ni ya nani

5. Dereva ana haki ya kuchukua kilichobaki?

Hapana. Najua mazoea ni mengine, na najua kuna matajiri wanaolipa posho ndogo kwa makusudi wakijua dereva "atajisaidia". Lakini mafuta yaliyopakiwa kwa hati ni ya mwenye hati mpaka yapokelewe, na yakishapokelewa kwa hesabu ya lita zilizopakiwa ni ya kituo. Katikati hapo hakuna dakika ambayo ni ya dereva. Ukiyauza kwenye madumu Chalinze, hilo ni kosa la jinai, hata yakiwa lita 15.

Tajiri anayetaka dereva asiuze mabaki amlipe vizuri na aache kumkata shoti ya joto (swali la 3). Nimeona kampuni ikimkata mtu lita 300 zilizopotea kwa baridi, halafu ikashangaa kwamba safari iliyofuata alirudi na dumu chini ya kiti.

6. Basi yafanywe nini?

Yaandikwe. Chumba kwa chumba, lita ngapi, nani amepima, nani amesaini. Yakitoka palepale, yanaingia kwenye shimo la kituo ikiwa ni aina ile ile na ni safi. Yasipoweza kutoka, kwa mfano gari limeshusha usiku na valvu ina hitilafu, hati ya kurudi iseme wazi kwamba chumba fulani kina mabaki. Mtu wa ghala akijua, ana uamuzi wa kufanya. Asipojua, ndipo swali la 9 linapotokea.

7. Mzigo ulikuwa wa transiti kwenda Lubumbashi. Mabaki nikiyashusha Tunduma nikirudi kuna tatizo?

Kubwa kuliko unavyodhani. Mafuta ya transiti, yanayopita tu kwenda nchi nyingine, hayajalipiwa kodi za hapa. Yakimwagwa sokoni Tanzania, hata kwa dumu, umeingiza bidhaa bila ushuru. Mafuta ya soko la ndani huwekewa vinasaba (kemikali za kuyatambulisha), utaratibu ulioanza mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na ya transiti hayana. Mkaguzi akichukua sampuli kituoni na kukuta vinasaba vimepungua, mwenye kituo ndiye wa kwanza kuulizwa.

Watu hunisumbua: je, lita 20 za transiti zilizosahaulika chumbani zitaharibu mzigo mpya wa ndani? Lita 20 ndani ya 7,000 haifiki hata theluthi ya asilimia moja. Lita 400 ni hadithi nyingine, na hakuna "zilizosahaulika" za lita 400.

8. Vijana wa kandokando ya barabara wanaomba matone tu. Niwape?

Usiwape. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakaja na madumu, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya mia moja. Sange, Kivu Kusini, Julai 2010, walikuwa zaidi ya mia mbili. Yale yalikuwa matenki yenye mzigo, lakini kijana aliyezoeshwa kukinga kopo chini ya valvu yako kila Jumanne ndiye atakayekuwa wa kwanza kukimbilia lori likianguka. Na valvu inayovuja matone kwa ajili ya watoto inavuja pia kwa ajili ya mtu anayepita na sigara.

## Kupakia mzigo mwingine

9. Chumba kilikuwa na petroli, kimebaki kidogo, sasa napakia dizeli. Si itachanganyika tu?

Hili ndilo swali ninalolichukia kuliko yote, kwa sababu anayeuliza huwa tayari yuko kwenye foleni ya kupakia.

Kwanza ubora. Lita 70 za petroli kwenye lita 7,000 za dizeli ni asilimia moja. Inasikika ndogo. Lakini petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na dizeli safi huhitaji kupashwa hadi nyuzi 55 au zaidi. Asilimia hiyo moja inashusha joto hilo la kushika moto la dizeli nzima kwa kiwango kikubwa, na mnunuzi anayeihifadhi kwenye pipa karibu na jenereta hajui kwamba amehifadhi kitu kingine.

Pili, na hapa ndipo watu wanapokufa, ni wakati wenyewe wa kupakia. Tenki lililotoka kubeba petroli lina mvuke. Petroli mpya ikiingia, mvuke huongezeka haraka hadi unazidi hewa, na moto unakosa pumzi. Dizeli ikiingia mambo yanageuka: inaunyonya ule mvuke wa petroli, inaupunguza taratibu, na katika kupungua unapita kwenye kile kipimo hasa kinachofaa kulipuka. Wakati huohuo dizeli inayosukumwa kwa kasi kwenye bomba na kichujio inajijaza umeme tuli. Mvuke uko tayari na cheche iko tayari, ndani ya chumba kimoja.

Kwa hiyo: mwambie mtu wa ghala chumba kilibeba nini mara ya mwisho, hata kama hajauliza. Kaushe kabisa, pamoja na bomba. Waya wa athi, wa kupeleka umeme ardhini, ufungwe kabla ya kitu kingine chochote na ufunguliwe mwisho. Kama ni kupakia kwa juu, mkono wa kupakilia ufike sakafuni, usimwage kutoka juu kama maporomoko. Anza taratibu, mwendo usiozidi mita 1 kwa sekunde mpaka mdomo wa bomba uzame. Kwa bomba la inchi 4 hiyo ni karibu lita 480 kwa dakika. Mwenye haraka asubiri.

10. Na dizeli iliyobaki nikipakia petroli?

Hatari ya mlipuko ni ndogo kuliko ya swali la 9, ila ubora unaumia. Dizeli huifanya petroli iwake vibaya na kuacha masizi kwenye injini. Mafuta ya taa yakibaki ndani ya petroli au dizeli, jiandae kutuhumiwa uchakachuaji, na utetezi wa "yalikuwa mabaki" unasikilizwa tu kama kuna karatasi ya swali la 6. Mafuta ya ndege usiyaweke kabisa kwenye tela lililobeba kingine mpaka wenye mafuta hayo waseme tela limesafishwa kwa namna wanayoikubali.

11. Kilichobaki chini ni maji. Yametoka wapi?

Manholi yenye mpira uliochoka, mvua ya mlima Kitonga, au unyevu wa hewa uliogeuka matone usiku. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo yanakaa chini na ndiyo ya mwisho kubaki na ya kwanza kutoka safari ijayo. Paka dawa ya kutambua maji kwenye ncha ya dipu kabla ya kushusha. Ikibadilika rangi, toa maji kwanza kwenye ndoo, mbele ya mpokeaji.

## Tenki likienda kwa fundi

12. Tela limekaa wiki nzima tupu juani. Naweza kuchomelea?

Bila kupima gesi, hapana. Petroli hulipuka ikiwa mvuke wake umefika takribani asilimia 1.4 ya hewa. Chumba cha lita 7,000 kinahitaji karibu lita 98 za mvuke kufika hapo, na lita moja ya petroli ikigeuka mvuke hutoa takribani lita 200 hadi 250. Piga hesabu: chini ya nusu lita ya petroli inatosha. Chupa ndogo ya soda. Hiyo inaweza kujificha nyuma ya valvu, chini ya kutu, au kwenye ukingo wa kizuizi cha ndani, ikakaa kimya wiki nzima na kutoka pale chuma kinapopata moto wa kuchomelea.

Jua linakausha sehemu tu. Tela lioshwe kwa mvuke wa maji ya moto au kwa njia nyingine inayokubalika, mabomba yafunguliwe, hewa ipulizwe, kisha kipima gesi kiingizwe chini kabisa, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne na hulala sakafuni. Upimaji urudiwe kila fundi akitoka kula na kurudi. Mafundi wengine hujaza maji tenki zima kabla ya kuchomelea. Inapunguza nafasi ya mvuke, lakini mabomba na vyumba vya jirani hubaki vile vile, na moto haujali chumba gani umekilenga.

13. Utingo wangu ni mwembamba. Aingie na tambara akafute yaliyobaki?

Usimwingize. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, na chini ya 19.5 mtu haruhusiwi kuingia bila kifaa cha kupumulia. Mvuke wa petroli humlevya mtu kwa pumzi chache: anacheka, anakaa chini, haamki. Kisha rafiki yake anaruka ndani kumwokoa, naye anabaki. Kama hakuna kipima gesi, mkanda wenye kamba, mtu wa kusimama juu na hewa inayopulizwa, hakuna mabaki yenye thamani ya kumwingiza mtu.

## Mizigo mingine na mambo ya pembeni

14. Na mafuta ya kula?

Mawese yakipoa huganda, kwa hiyo mabaki yake ni ukoko ukutani. Matela hayo huwekwa mabomba ya kupasha joto, na yakishushwa yakiwa ya baridi unaacha mamia ya kilo. Utando wa zamani ukichacha unaharibu mzigo mpya. Na tafadhali, tela lililobeba petroli lisipewe mafuta ya kula hata likioshwa kwa sabuni ya nchi nzima.

15. Nabeba asidi ya salfa kwenda migodini Katanga. Mabaki nioshe kwa maji kidogo?

Hapo umeuliza kabla hujafanya, Mungu akubariki. Asidi kali ya salfa haili chuma kwa kasi, ila ikichanganyika na maji kidogo inachemka kwa joto lake yenyewe, kisha ile iliyopungua nguvu ndiyo inayotafuna chuma na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Maji kidogo ndiyo mabaya zaidi. Kuosha kufanywe mahali penye maji mengi, venti wazi, na watu wenye nguo za kazi hiyo. Kama unabeba asidi safari hadi safari, mara nyingi ni salama zaidi kuacha mabaki humo, manholi imefungwa vizuri, mvua isiingie.

16. Gesi ya kupikia?

Tenki la gesi halikaushwi. Linarudi likiwa na mvuke na shinikizo, na ndivyo inavyotakiwa, ili hewa isiingie. Kipimo ni mizani, gari likienda na likirudi.

17. Nimekabidhiwa tela na dereva mwenzangu, chumba cha tatu kina mafuta na hati inasema tupu. Nifanye nini?

Usilisogeze. Mpigie msimamizi wa yadi, na ukiwa naye au shahidi mwingine pima dipu, jaribu maji, chukua sampuli kwenye chupa ya kioo, andika saa na namba za lakiri. Usimpigie mwenzako kwanza "mmalizane". Kama ni mabaki ya bahati mbaya, karatasi itamlinda. Kama alikuwa anayaficha arudi usiku na dumu, simu yako ndiyo itakayokuweka kwenye kesi yake. Ukishaandika, ndipo mpigie, mwulize alibeba aina gani ya mafuta safari iliyopita, maana ghala litakuuliza wewe.